Rafiki yangu au rafiki wangu? Ngeli na mabishano yake

Andika "rafiki wangu" kwenye kundi la WhatsApp uone. Haichukui muda atatokea wa kukusahihisha: "Sema rafiki yangu." Nyuma yake atakuja mwingine na swali ambalo wengi hulikwepa: ikiwa mtoto ni wangu, mwalimu ni wangu na daktari ni wangu, kwa nini rafiki awe "yangu" kama meza? Rafiki si mtu? Mjadala utachacha, mmoja atasema hilo ni kosa la watu wa bara, mwingine atasema ni mazoea tu ya watu wa pwani, na mara nyingi wa mwisho kuandika huwa ni yule anayedai kwamba Kiswahili hakina kanuni, kila mtu aseme apendavyo.

Kanuni zipo. Shida ni kwamba wengi tulifundishwa ngeli kwa kukariri jedwali, na jedwali halisemi kwa nini. Swali la rafiki ni zuri mno, kwa sababu ukilifuata hadi mwisho unaona jinsi lugha hii ilivyojengwa, inavyopokea maneno ya wageni, na kwa nini kuitafsiri kunawatoa watu jasho.

Tuanze na neno lenyewe. Mtaani Dar es Salaam ukisikia "jamaa anamwaga ngeli", maana yake anazungumza Kiingereza. Hiyo tuiweke kando. Katika sarufi, ngeli ni kundi la nomino, yaani majina ya watu, vitu, mahali na mambo, ambayo huyavuta maneno mengine kwa namna moja. Fikiria sare ya harusi. Upande wa bibi harusi umechagua kitenge cha rangi fulani, na kila ndugu wa upande huo, mkubwa kwa mdogo, ameshona kwa kitenge hicho hicho. Ukiingia ukumbini hujaambiwa kitu, lakini unajua nani ni wa nani. Nomino ndiyo inayochagua kitambaa. Kivumishi (kama *-zuri*), kionyeshi (kama *yule*), kimilikishi (kama *-angu*) na kitenzi vinashona: *Vikombe vyangu viwili vizuri vimevunjika.* Vi- imepita kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Badilisha nomino, na sentensi nzima inabadilisha nguo: *Magari yangu mawili mazuri yameharibika.*

Wazo la kwanza la kuliondoa ni kwamba ngeli ni sawa na jinsia za Kifaransa au Kiarabu. Zinafanana kwa kazi ya kuvuta maneno, lakini hazigawi dunia kwa kike na kiume. Hata hizo zinazoitwa jinsia mara nyingi hazihusiani na maumbile: kwa Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, kwa Kifaransa ni kinyume chake. Ngeli ni mfumo wa lugha za Kibantu, na jina la familia hiyo lenyewe ni nomino iliyovaa sare: *ba-ntu* ni *wa-tu*. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanyia kazi zake Afrika Kusini katika karne ya 19, ndiye anayetajwa kwa kulieneza jina hilo kwa wataalamu, na ni yeye aliyeanza kuzipa ngeli namba ili lugha ya Natal ilinganishwe na ya pwani ya Afrika Mashariki.

Wazo la pili ndilo lenye madhara zaidi: kwamba ukiona herufi za mwanzo za neno umeshaijua ngeli yake. Neno linaanza na ki-, basi ni KI-VI, yaani ngeli ya ki- katika umoja na vi- katika wingi. Linaanza na m-, basi ni M-WA au M-MI. Hii inafanya kazi mara nyingi, ndiyo maana inaaminika, lakini iangalie hapa:

*Vifaru vimeingia mjini.*

*Vifaru wameingia mjini.*

Nomino ni ile ile, herufi kwa herufi. Sentensi ya kwanza ni habari ya vita, magari ya deraya yanatambaa barabarani. Ya pili ni habari ya mbugani, wanyama wenye pembe puani wamepotea njia. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayezichanganya, na kinachomwongoza si mwanzo wa neno *vifaru* bali ni *vi-* na *wa-* za kwenye kitenzi. Vivyo hivyo kiboko mkubwa yule yuko mtoni, lakini kiboko kikubwa kile kimetundikwa ukutani. Ndege ametua tawini, ndege imetua Kipawa.

Kwa hiyo juu ya umbo la neno kuna sheria nyingine yenye nguvu zaidi: kiumbe hai hupewa upatanisho wa A-WA, yaani kitenzi chake huvaa *a-* katika umoja na *wa-* katika wingi, haijalishi jina lake linaanzaje. Kipofu amefika. Kiongozi amehutubia. Kinyozi ananyoa. Mitume walihubiri, ingawa *mi-* yake ni ya kama miti na mikeka. Waziri amejiuzulu, mawaziri wamejiuzulu. Hata *wa-* ya waziri, ambayo sikio la mgeni lingeidhania ni ya wingi, haimzuii kuwa mtu mmoja.

Hapa ndipo inapotoka ile taabu ya mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya nyumbani. Yeye alifundishwa M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA. Daftari la mtoto linasema A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA. Anadhani mitaala imebuni ngeli mpya. Hazijabuniwa. Majina ya zamani yanatazama kichwa cha nomino: m-ti, mi-ti. Majina ya sasa yanatazama kichwa cha kitenzi: mti *u*meanguka, miti *i*meanguka. Mimi naona njia ya pili inamfaa zaidi mwanafunzi, kwa sababu inamwezesha kumweka kifaru wa mbugani pamoja na mtu bila kuomba radhi, lakini ya kwanza nayo ina faida yake: inakuonyesha jinsi wingi unavyoundwa.

Sheria hii ya viumbe hai tumeizoea hata tunadhani lugha zote za Kibantu zinayo kwa kiwango hiki. Sivyo. Mzulu akitaka kusema mbwa anakula husema *inja iyadla*, na Mnyarwanda husema *imbwa irarya*. Ile *i-* ni ndugu wa *i-* yetu ya "nyumba inaungua". Kwao mbwa hufuata umbo la jina lake, iwe anapumua au hapumui. Kiswahili kilichukua njia nyingine, kikawakusanya viumbe hai wote chini ya A-WA. Wajerumani wana neno *Mädchen*, yaani msichana, ambalo kisarufi si la kike wala la kiume kwa sababu tu linaishia na *-chen*, kiambishi cha udogo. Kwao umbo lilishinda. Kwetu *kijana*, lenye *ki-* inayofanana na ile ya udogo, linasema "kijana amekuja". Uhai ulishinda.

Ila msemaji anaweza kumvua mtu uhai huo akitaka. *Kitoto kinalia* inawezekana, na *kijitu kile kimekuja tena* pia, na *jitu lile linatisha*. Anayesema hivyo amekusudia: ama anapunguza, ama anabeza, ama anaogopa. Mama anaweza kukisema kitoto chake kwa mapenzi tele na jirani akatumia *ki-* hiyo hiyo kwa dharau. Sijui kiambishi kingine katika lugha yetu kinachobeba hisia nyingi hivyo kwa herufi mbili.

Sasa turudi kwa rafiki. Kama sheria ni kwamba kiumbe hai ni A-WA, basi sentensi hii ina kasoro mahali:

*Rafiki yangu mpya yule amefika.*

Mpya, yule, amefika: yote matatu yameshona kitambaa cha A-WA. *Yangu* peke yake imekuja na kitambaa cha I-ZI, kile cha nyumba yangu na kalamu yangu. Na hakuna anayeiona ajabu, kwa sababu *yangu* hiyo tunaipa ukoo mzima: baba yangu, mama yangu, kaka yangu, dada yangu, babu yangu, shangazi yangu, shemeji yangu, wifi yangu, binamu yangu. Katika wingi ni ndugu zangu, dada zangu, shemeji zangu. Kwenye orodha hii wamo rafiki, jirani na adui, na kwa wanawake wa pwani yumo somo yangu (mwandani, si somo la darasani). Ni watu wa karibu, wa damu au wa mlango wa pili, na adui naye yumo kwa sababu uadui pia ni uhusiano.

Walio nje ya orodha ni wa aina mbili. Wale ambao majina yao yameanza na *m-* ya watu tangu zamani: mume wangu, mke wangu, mjomba wangu, mtoto wangu, mchumba wangu. Na wale tunaowajua kwa kazi au cheo: daktari wangu, bosi wangu, rais wetu, askari wetu. Daktari na rafiki yote ni maneno ya kukopwa, yote hayana kiambishi mbele, yote ni ya watu. Kilichoyatenganisha ni kwamba mmoja unamhesabu kama ndugu na mwingine unampanga foleni.

Je, hiyo *yangu* ilitoka wapi? Jibu liko kwa majirani zetu. Mnyarwanda husema *inka yanjye*, ng'ombe mmoja wake, na *inka zanjye*, ng'ombe wake wengi. Yanjye, zanjye: yangu, zangu. Majina yasiyo na *m-* ya watu yalikuwa yakivuta *y-* katika umoja na *z-* katika wingi, yawe ya mnyama au ya kitu. Kiswahili kilipowahamisha viumbe hai kwenda A-WA, kitenzi kilihama, kivumishi kikahama, kionyeshi kikahama. Kimilikishi cha ndugu kikabaki.

Kwa nini kibaki hicho tu? Mimi naona ni kwa sababu majina ya ndugu hayatembei peke yake. Mara nyingi mtu hasemi "dada" bila kusema dada wa nani, na maneno mawili yanayotamkwa pamoja kila siku huganda yakawa moja. Ushahidi uko kwenye vifupisho. Mume wake ni *mumewe*, mke wake ni *mkewe*: ile *w* ya *wake* imo ndani. Lakini ndugu yake ni *nduguye*, ndugu zake ni *nduguze*, rafiki yake ni *rafikiye*, ndugu yako ni *nduguyo*. Sijawahi kumsikia mtu akisema *nduguwe*. Hiyo *y* na hiyo *z* zimeshikamana na neno kama nyama na ukucha, na huwezi kuzing'oa kwa kuamua tu kwamba rafiki ni mtu.

Jambo moja linawachanganya hata walimu. *Y-* hii inakaa kwenye vimilikishi: yangu, yako, yake, yetu, yenu, yao. Haikai kwenye *-a* ya kuunganisha. Ndiyo maana Mkristo akisali husema "Baba *yetu* uliye mbinguni", na Mtanzania huyo huyo akimtaja Nyerere husema "Baba *wa* Taifa". Hajakosea popote. Vivyo hivyo ni rafiki yangu, lakini rafiki *wa* Juma. Ukipenda ni rafiki yake Juma. Anayesema "rafiki ya Juma" amevuka mpaka kwa upande mmoja, na anayesema "baba wangu" amevuka kwa upande mwingine. Kwa hiyo, kumjibu yule aliyeuliza kwenye kundi: *rafiki yangu* ndiyo sanifu, na anayekusahihisha kutoka *yangu* kwenda *wangu* kwa hoja kwamba rafiki si meza, hoja yake inapendeza lakini inasahau kwamba hata baba si meza.

Wanyama ni habari yenye utata zaidi. Kwa Kiswahili sanifu, ng'ombe ni *wangu* akiwa mmoja na *wangu* wakiwa mia. Sentensi ikikatika hapo hujui ni mfugaji mkubwa au mdogo. Lazima usubiri *amekufa* au *wamekufa*. Ndiyo maana wafugaji wengi husema "ng'ombe zangu", na mtu akiwaambia wamekosea, wanaona amewanyang'anya njia ya kuhesabu. Kisanifu, *wangu* ndiyo ya kuandika kwenye karatasi ya mtihani. Lakini *ng'ombe zangu* si uvivu wala uharibifu. Ni *inka zanjye* ya Kiswahili, ya zamani kuliko kitabu chochote cha sarufi tulicho nacho.

Nani basi aliamua kipi ni sanifu? Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ilikuja baadaye, mwaka 1967, kwa upande wa Tanzania. Usanifu ni uamuzi wa watu kwa ajili ya kuelewana katika maandishi. Haukufuta sarufi za mahali pengine. Nairobi utasikia "gari yangu", "kitabu yangu", "viatu zangu", na ukisikiliza kwa makini utaona si vurugu: umoja wa vitu umekusanywa kwenye *y-*, wingi kwenye *z-*. Ni mpango mwingine, mwembamba zaidi, ambao haukubaliki katika insha lakini unafuatwa kwa uaminifu na wanaoutumia.

Hilo la gari lina jibu rahisi kwa anayetaka usanifu: uliza wingi wake. Wingi wa gari ni magari, kwa hiyo ni *gari langu*, kama jino langu. Wingi wa simu ni simu, kwa hiyo ni *simu yangu*. Basi, mabasi, basi hili. Meli, meli, meli hii. Lori, malori, lori lile.

Lakini gari ni neno la Kihindi na basi ni la Kiingereza. Yalipataje ngeli? Swali hili linaturudisha kwenye dai linalojirudia kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kwamba lugha yetu ni Kiarabu kilichochanganywa. Lichukue neno linalotajwa zaidi kama ushahidi, *kitabu*. Kwa Kiarabu ni *kitab*, wingi wake *kutub*. Katika lugha hiyo neno limejengwa kwa konsonanti k-t-b, na maana hubadilika kwa kuchezesha irabu kati yake. Sikio la Kibantu halikusikia k-t-b. Lilisikia *ki-*. Likatoa *vitabu*, neno ambalo Mwarabu hawezi kulitambua. Waganda wakatoa *ekitabo* na *ebitabo*, Wanyarwanda *igitabo* na *ibitabo*. Katibu na maktaba yametoka kwenye mzizi ule ule, lakini kwetu hayana undugu tena: katibu amekwenda kwa watu, makatibu, maktaba imekwenda I-ZI.

Madereva wa Tanzania walifanya vivyo hivyo na amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto kwenye mzunguko. Wakaisikia *kipilefti*. Vikiwa viwili ni vipilefti. *Waraka* na *wakati*, kutoka Kiarabu, yalisikika kama *wayo*, yakapata nyaraka na nyakati kama nyayo. Kisha ukaja waya wa umeme kutoka Kiingereza, nao ukaingia mlango huo huo, nyaya. Mwalimu, mwenye *mu-* ya Kiarabu, akawekwa na mtu na mtoto: walimu. Muziki ukapangwa na mti na mkeka: muziki huu. Neno lisilo na mwanzo wa kushika, kama kompyuta au sabuni, kwa kawaida hutupwa I-ZI, au likapewa ma- na kwenda LI-YA.

Linalonistaajabisha kuliko yote ni *mahali*. Ngeli ya PA ni ya Kibantu kabisa, haina kinachofanana nayo katika Kiarabu wala Kiingereza. Na neno la kila siku linaloishikilia ngeli hiyo leo, mahali hapa, mahali pazuri, mahali pengine, ni la Kiarabu. Mgeni amepewa funguo za chumba cha ndani.

Kwa mfasiri, haya yote ni kazi ya kila siku. Kiingereza kina *it* moja kwa kila kisicho mtu. Mfasiri wa filamu akipewa maandishi bila picha, na mhusika akasema *it* imevunjika, hawezi kuandika chochote hadi ajue ni nini: kimevunjika, limevunjika, umevunjika, imevunjika. Akibahatisha, mtazamaji wa Mwanza ataona kikombe sakafuni na kusoma "limevunjika". Ukienda upande wa pili, Kiswahili kinabana mambo ambayo Kiingereza lazima kiyafungue. *Ilikiangukia, kikavunjika.* Hakuna nomino hata moja, lakini unajua vitu ni viwili, vya ngeli mbili, na unajua ni kipi kilichovunjika. Kama tulikuwa tunazungumza juu ya nazi na kikombe, pole kwa mwenye kikombe. Ukiiweka sentensi hiyo kwa Kiingereza kwa *it* mbili, msomaji hajui ni nazi iliyopasuka au kikombe. Mashine za kutafsiri huteleza hapo mara kwa mara, hasa pale jina lilipotajwa aya mbili nyuma.

Limebaki swali moja la kundi la WhatsApp: wingi. *Rafiki zangu* haina mgogoro, inafuata ndugu zangu. *Marafiki*, yenye *ma-* ile ya madaktari na mawaziri, imevutwa na pande mbili. Wapo wanaosema marafiki zangu, kwa kufuata ukaribu, na wapo wanaosema marafiki wangu, kwa kufuata madaktari wangu. Mimi huandika *rafiki zangu* na kuyaepuka yote mawili, lakini mwanafunzi akiniletea *marafiki wangu* simpigii mstari mwekundu. Akiniletea *rafiki yangu imefika*, hapo nakaa naye chini.